Deni la mama ntilie na kazi tusiyoipa alama

Mwaka jana wanafunzi wetu waliandaa mashindano ya siku mbili ya kuunda programu za kompyuta, yale wanayoyaita hakathoni. Siku ya ufunguzi wakubwa walikaa meza kuu, hotuba zikasomwa, picha zikapigwa. Wiki tatu baadaye nilimkuta mratibu wa mashindano hayo, binti wa mwaka wa tatu, akinisubiri mlangoni pa ofisi. Alitaka kujua kama chuo kimekwisha kulipa, kwani mama ntilie aliyewapikia washiriki themanini alikuwa akimfuata hadi hosteli. Sehemu ya deni alikwisha kuilipa kwa bumu lake, yaani fedha za kujikimu alizokopeshwa na Serikali, ambazo siku moja zitakatwa kwenye mshahara wake, akibahatika kuupata.

Nilimwuliza kwa nini hawakuomba fedha mapema. Akanijibu kwa adabu: "Mwalimu, barua tuliileta kwako."

Ni kweli. Barua ile ilikaa mezani pangu siku tisa ikisubiri sahihi. Kutoka kwangu ikaenda kwa mkuu wa idara, ikageuka dokezo, dokezo likapanda kwa mhasibu, kisha likarudi kwa kukosa ankara kifani. Mama ntilie anayeinjika sufuria chini ya mwembe aitoe wapi ankara kifani?

Sisi wasomi tumezoea kuyaita haya mambo madogo madogo. Lakini tazama. Ukumbi uliojengwa kwa ajili ya mihadhara una soketi chache ukutani, na washiriki themanini wanakuja na kompyuta themanini. Lazima awepo mtu wa kuzihesabu soketi hizo mapema, kuazima ekstensheni, na kumwuliza fundi ni mzigo kiasi gani utakaoangusha swichi kuu. Mtu huyo ajue pia kwamba intaneti inayotosha kusoma barua pepe itakwama wote watakapoanza kupakua vifurushi vya programu kwa wakati mmoja. Hivyo avipakue usiku wa kuamkia siku hiyo na kuvihifadhi kwenye diski. Tena ajue kwamba wasichana waliopanga vyumba mitaani hawatakubali kurudi kwa bodaboda saa sita za usiku. Pasipo usafiri wa kuaminika, wameondolewa mashindanoni bila tangazo lolote. Binti huyu aliyafanya yote hayo. Washindi walipewa vyeti. Yeye hakupewa hata kimoja.

Aibu yangu ni kubwa zaidi kwa sababu nafundisha somo hili. Kila mwaka huwasimulia wanafunzi habari za Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa OS/360 katika kampuni ya IBM, na kitabu chake cha mwaka 1975, The Mythical Man-Month. Brooks alionya kwamba mradi wa programu uliochelewa, ukiuongezea watu, utachelewa zaidi. Wageni wanahitaji kuelekezwa, na kila mtu anayeongezeka huongeza njia za mawasiliano: watu watano wana jozi 10 za kuelewana, watu kumi wana jozi 45. Jambo hili hulitungia swali la mtihani. Kisha, nikisahihisha miradi ya mwaka wa mwisho, hufungua kumbukumbu za Git na kuhesabu nani aliandika msimbo. Aliyekwenda zahanati mara tano kuwasikiliza wauguzi watakaoitumia programu, aliyepatanisha wenzake waliogombana, aliyehakikisha seva imelipiwa kabla ya siku ya kuwasilisha, huyo jina lake halionekani humo. Nimewahi kumpa mtu wa namna hiyo alama C. Muhula huu kila kundi litaniletea daftari la uratibu, nami nitalisahihisha kama ninavyosahihisha msimbo.

Najua watumishi wenzangu watasema fedha za umma haziwezi kukabidhiwa wanafunzi. Nakubali, na sitetei matumizi yasiyo na hesabu. Lakini utaratibu wa masurufu upo: mtumishi huchukua fedha kwa jina lake, zikatumika kwa kazi iliyoidhinishwa, kisha akarejesha hesabu. Tunauona mwepesi tunapokwenda semina zetu wenyewe. Mhadhiri mlezi wa chama cha wanafunzi angeweza kuchukua masurufu hayo na kubeba dhamana. Mlezi nilikuwa mimi. Niliogopa kubanwa na wakaguzi kwa sababu ya wali na maharage, nikamwachia mzigo msichana wa miaka ishirini na mbili.

Mama ntilie alimaliziwa fedha zake mwezi wa nne baada ya mashindano. Zile alizozitoa binti kwenye bumu lake bado hazijarudi. Mhasibu anasema hana risiti.