Gari Linalia, Lakini Linaliaje?

Nimefundisha sarufi ya Kiswahili kwa miaka mingi, na nilijihesabu miongoni mwa watu wasiopungukiwa maneno. Upungufu wangu niliutambua siku niliposimama mbele ya fundi nikamwambia, "Breki za nyuma zinalia." Akaniuliza kwa adabu, "Zinaliaje, Mwalimu?" Nikakosa jibu.

Gari lenyewe ni Mazda Roadster, lile dogo la watu wawili lenye paa la turubai, ambalo nje ya Japani hujulikana zaidi kwa jina la MX-5. Lilianza kuuzwa mwaka 1989, na kufikia mwaka 2016 yalikwisha kuundwa zaidi ya milioni 1. Langu ni la injini ya lita 1.6, mdogo wangu aliniachia alipohamia Muscat. Majirani zangu hapa Tanga hucheka wanionapo nikijikunja kuingia. Na wacheke.

Fundi alibadilisha pedi. Baada ya miezi minne zikalia tena, naye akabadilisha tena. Kisha jioni moja, mjukuu wangu akiwa kiti cha pili, gurudumu la nyuma likaanza kutoa harufu ya kuungua. Tuliposimama, halikugusika kwa moto.

Kesho yake nililifungua mwenyewe. Nilikinga mawe magurudumu ya mbele, nikainua kwa jeki, nikaweka stendi mbili. (Asiye na stendi asiingize hata mkono chini ya gari.) Nilichokiona hakikuhitaji shahada: pedi ya ndani imelika hadi chuma kinasaga chuma, ya nje ingali nene. Pini ambazo kalipa hupaswa kuteleza juu yake zilikuwa zimekwama kwa kutu na grisi iliyokauka, hivyo kazi yote ikaangukia pedi moja. Ungeweza kununua pedi mpya kila mwezi na usiuguse ugonjwa. Nilisafisha pini, nikazipaka grisi inayostahimili joto la breki, zikateleza kwa kidole.

Jambo jingine nililojifunza ni kwamba pistoni ya breki ya nyuma ya gari hili hairudishwi kwa kusukumwa, kwa kuwa imeunganishwa na breki ya mkono. Nyuma ya kalipa kuna bolti ya kufunika. Ukiiondoa utakuta skrubu ndogo inayozungushwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 4. Anayetumia nguvu mahali hapo anaharibu kalipa nzima.

Nilipomrudia yule kijana nikasema, "Pini zilikwama, pedi ya ndani ikawa inasaga," alinyamaza kidogo, kisha akajibu, "Shikamoo tena, Mwalimu. Mara zile mbili nilipaswa kuzitazama pini." Kosa lilikuwa lake, lakini nami nilikuwa nimempa kitenzi kimoja tu. Gari linaweza kulia, kukwaruza, kusaga, kunata, kutetemeka. Beringi inaweza kucheza. Na kila kitenzi hapo kinaelekeza mkono kwenye ugonjwa wake.

Hapa nina ungamo la kikazi. Zamani niliwahi kukata kwa kalamu nyekundu maneno "kumwaga oili" katika insha ya mwanafunzi, nikaandika juu yake "kubadilisha mafuta". Nilidhani nasafisha lugha. Kumbe katika gereji mafuta ni petroli au dizeli, na oili ni oili. Sahihisho langu lilifuta tofauti ambayo mwanafunzi aliijua na mimi sikuijua. Tena "kumwaga" hapo hakuishii kwenye kumwaga: ni kufungua bolti ya chini, namba 19 kwa gari langu, kuacha oili ya zamani ishuke, kubadilisha filta na kujaza mpya. Wenzangu tuliozoea kuyaita maneno haya lugha ya mitaani tungefaa kuinama chini ya boneti kwanza. Filta ya gari hili imefichwa chini ya mabomba ya kuingizia hewa, na ukiitafuta injini ikiwa moto utaijua kwa ngozi.

Wako wanaosema kwamba mwenye gari anayejihudumia anamnyima fundi riziki. Siwaafiki. Mkanda wa taiming bado nampelekea fundi, na bomba lolote la maji ya breki pia, kwani huko kosa langu litamgharimu mtu uhai. Ila oili, plagi, pedi, na vile vitundu viwili nyuma ya viti vinavyopitisha maji ya mvua kutoka kwenye paa, hivyo ni vyangu. Vitundu hivyo vikiziba, maji hutuama ndani ya bodi, na kwa hewa yetu ya chumvi kutu haisubiri. Ninavizibua kila kabla ya masika.

Kila kazi naiandika katika daftari linalokaa garini, kwa Kiswahili cha fundi. Limebaki pengo moja: ile skrubu ndogo ndani ya kalipa. Mafundi niliowauliza hapa huiita "ile ya ndani". Msomaji wangu, kama gereji za kwenu zina jina lake, niandikie.