Mfumo wa hospitali: tujitenge au tushirikiane?

Hapa Uthiru ninakoishi kuna vijana wa kwetu Pwani wanaofanya kazi za kompyuta. Wana mjadala ambao, ndugu msomaji, unakuhusu hata kama hujui programu huandikwaje. Kaunti ikitaka mfumo wa rekodi za wagonjwa, je, ichukue uliopo, iubadilishe na kwenda zake, au ishirikiane na wenzake?

Chukua mfano wa OpenMRS. Hii ni programu huria: yeyote aweza kuichukua na kuibadilisha bila kulipa. Ilianza 2004, na mizizi yake iko Eldoret, ambako Chuo Kikuu cha Moi na washirika wake wa Indiana, Marekani, walihudumia wagonjwa wa Ukimwi. Juu yake ikajengwa KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya nchini. Waganda nao wana UgandaEMR. Kiini ni kimoja. Kila nchi imeongeza vipande vyake juu.

Faida yake ni hii: tundu la usalama likigunduliwa, huzibwa kwenye kiini na kila mtu akapata. Aliyejitenga huziba mwenyewe, na kila mwaka nakala yake huzidi kuwa mbali na ile ya asili. Fundi wake akipata kazi kwengine, mfumo hubaki yatima.

Sisemi kujitenga ni haramu. Mwaka 2010, baada ya Oracle kuinunua Sun, wachangiaji wengi wa OpenOffice walihofia hatima ya kazi yao, wakatoka na kuanzisha LibreOffice. Walifanikiwa. Lakini walitoka wengi, wakaunda taasisi ya kuitunza. Ni kama talaka: imeruhusiwa, ila suluhu hutafutwa kwanza.

Tangu afya igatuliwe 2013, uamuzi huu uko mikononi mwa kaunti zetu. Mama wa Likoni akipewa rufaa kwenda Hospitali ya Kenyatta, faili lake linafaa kusomeka huko. Kiini kimoja peke yake hakitoshi, lakini mifumo 47 isiyosikilizana itamrudisha kwenye kubeba makaratasi mkononi.

Kwa hivyo anayekuja kutuuzia mfumo "wa kwetu wenyewe", wawakilishi wetu wa wadi wamuulize mawili. Pesa za mradi zikiisha, nani atautunza? Na marekebisho yetu, yatarudishwa kwenye kiini ili wengine nao wasaidie kuyatunza? Akibabaika, asitiliwe sahihi.