Alitulia kwa Daktari, Basi Hana ADHD?

Hoja inayotumika kuliko zote kumnyima mtoto tathmini ya ADHD, yaani tatizo la kukosa umakini, utukutu na papara, ni hii: mbona kwa daktari alitulia? Mama ameamka alfajiri, amepanda daladala mbili, amekaa foleni hadi saa sita. Mtoto ambaye nyumbani hamalizi kikombe cha uji bila kuinuka mara tano, siku hiyo amekaa kitini kama bwana harusi. Daktari anacheka, anasema huyu mbona mzima. Baba naye ana ushahidi wake: akiwekewa katuni hatikisiki saa mbili nzima.

Yote mawili ni kweli, na hayathibitishi chochote. Chumba kigeni, mtu mgeni, maswali ya ana kwa ana: hayo huweza kumtuliza hata mtoto mwenye ADHD kali. Katuni nazo hubadilika kila baada ya sekunde chache na hazimdai mtazamaji kitu. Mtoto huyu hashindwi kukazia macho kinachomvutia. Anachoshindwa ni kuuelekeza umakini wake pale unapohitajika ingawa panachosha: kwenye hesabu za kugawanya, kwenye kufua soksi, kwenye kungoja zamu. Ndiyo maana DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka 2013 na unaofuatwa hata huku kwetu, hauamui kwa namna mtoto alivyokaa mbele ya daktari. Unataka dalili sita au zaidi kati ya tisa za kukosa umakini, au sita kati ya tisa za utukutu na papara. Ziwe zimedumu angalau miezi sita na zizidi zile za watoto wa rika lake. Baadhi ziwe zilionekana kabla hajafika miaka 12, zijitokeze zaidi ya mahali pamoja, na ziwe zinamvurugia masomo, urafiki au maisha ya nyumbani.

Daktari hawezi kuyaona hayo katika dakika 15. Anayajua mama, mwalimu, na bibi anayeshinda na mtoto. Yamo pia kwenye madaftari, na laiti kila mzazi angeyabeba: tarehe imeandikwa vizuri na kupigiwa mstari, sentensi mbili safi, ya tatu imeishia katikati, na chini yake kalamu nyekundu ya mwalimu inasema "Maliza kazi!" Ukurasa unaofuata ni vivyo hivyo.

Hapo huja pingamizi jingine: mwalimu ana wanafunzi 90, atamjua vipi mmoja? Mimi naona atamjua vizuri zaidi kwa sababu hiyo hiyo. Mzazi humlinganisha mtoto na kaka yake. Mwalimu anamlinganisha na wenzake 89. Fomu kama ya Vanderbilt, ambayo mzazi na mwalimu hujaza kila mmoja ya kwake, huchukua dakika chache tu. Tahadhari iwe kwingine. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 uliangalia majimbo ambayo mtoto lazima awe ametimiza umri kabla ya Septemba 1 ndipo aanze shule. Waliozaliwa Agosti, yaani wadogo kuliko wote darasani, walipewa jina la ADHD kwa kiasi cha theluthi moja zaidi ya waliozaliwa Septemba. Utoto wa miezi kumi na moja ulikuwa umesomwa kama ugonjwa. Kwa hiyo fomu ya mwalimu isomwe sambamba na tarehe ya kuzaliwa.

"Basi apigwe picha ya kichwa tujue moja." Hili naliona linatokana na mazoea ya hospitali zetu, ambako kupimwa ni kutolewa damu au kuingia kwenye mashine. Hakuna damu wala picha inayoonyesha ADHD. Vipimo vina kazi yake, ila ni kutafuta mambo mengine: masikio yanayotoka usaha na kusikia kwa shida, macho, upungufu wa damu, mafindofindo yanayomfanya akorome usiku na kusinzia mchana. Kuna kifafa pia kisichomwangusha mtu. Mtoto huduwaa sekunde kadhaa, kope zikichezacheza, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na mwalimu anaandika "hasikilizi". Daktari anayekishuku humpa kipande cha karatasi akipulize mfululizo kwa dakika mbili tatu. Kama ndicho, na bado hajaanza dawa, mara nyingi ataduwaa pale pale.

Sasa kosa ninaloliona baya kuliko yote: "Tumeshapata kifafa, basi ndiyo sababu, tusitafute kingine." Au kinyume chake: "Ni ADHD," na faili likafungwa. Magonjwa haya hayaachiani nafasi. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uitwao MTA, uliochapishwa 1999 na kuhusisha watoto 579, ni takriban theluthi moja tu waliokuwa na ADHD peke yake. Waliobaki walikuwa nayo pamoja na ukaidi uliokithiri, wasiwasi au mengine. Kifafa na ADHD mara nyingi huishi kwenye mwili mmoja. Usonji nao, hadi 2013 mwongozo ulikataza kuuandika pamoja na ADHD; leo yote mawili huandikwa, kwa kuwa watoto wenye yote mawili walikuwapo siku zote.

Na kwetu kuna swali ambalo fomu za Ulaya hazilitilii uzito: aliwahi kulazwa na malaria iliyopanda kichwani? Watoto waliopona malaria hiyo Kampala walifuatiliwa, na miaka miwili baadaye kiasi cha 18 kwa 100 walikuwa na kasoro ya umakini, ilhali kati ya watoto wa mitaa yao hawakufika 3 kwa 100. Matokeo hayo yalitoka 2008.

Swali la kutenganisha mambo ni la kawaida kabisa: ilianza lini, na wapi? Aliyebadilika akiwa na miaka tisa baada ya kufiwa na baba ana hadithi tofauti na aliyekuwa hivyo tangu alipoanza kutembea. Anayehangaika wakati wa kusoma tu, lakini hesabu za mdomo anazipiga bila shida, apimwe kwanza uwezo wa kusoma.

Madai kwamba sukari ndiyo humfanya mtoto mtukutu sitayakalia. Katika jaribio la mwaka 1994, akina mama walioambiwa watoto wao wamepewa sukari waliwaona watukutu zaidi, kumbe watoto wote walikuwa wamepewa kitamu kisicho na sukari. La kwamba wasichana hawapati ADHD nalo si kweli: wengi wao hukaa kimya dirishani, na mtoto asiyesumbua darasa hapelekwi kokote.

Imebaki hoja ya mkato: apewe dawa, ikimsaidia ndiyo hiyo. Mtafiti Judith Rapoport na wenzake waliifanyia kazi Marekani mwaka 1978. Walipowapa amfetamini wavulana wasio na tatizo lolote, nao walitulia na umakini wao ukaongezeka. Dawa inayomsaidia mwenye ADHD na asiye nayo haiwezi kuwa kipimo. Mzazi aliyeandikiwa dawa katika ziara ya kwanza, kabla mwalimu hajaulizwa neno, ana haki ya kuuliza daktari ameyapata wapi ya shuleni.