Nairobi Pia ni Majuu

Mkenya akishuka Heathrow leo, kufikia Jumapili ashakuwa profesa wa London. Atakuambia treni hazingoji mtu, majirani hawasalimiani, baridi inaingia mpaka kwa mfupa. Na sisi tutasoma yote, tutaitumia familia. Sina shida na yeye. Shida yangu ni kwamba tumekubali macho ya mgeni yana thamani yakiwa ya Mkenya tu, na kwamba jiji la ugenini lazima liwe na theluji.

Nenda Kenyatta Market. Upande mmoja moshi wa nyama choma, upande mwingine vibanda vya kusuka, wasusi watatu juu ya kichwa kimoja ndio umalize kabla giza liingie. Kati ya mikono hiyo kuna iliyovuka mpaka kuja hapa. Kwa wenye mikono hiyo, majuu ndio hapa. Ushawahi kumuuliza hata mmoja aliionaje Nairobi wiki ya kwanza?

Mimi niliuliza. Dada aliyekuwa ananisuka, mtu wa Bukavu, alijibu bila kuinua macho. Si maghorofa yaliyomshangaza. Kwanza, hapa hata choo cha sokoni ni pesa. Pili, watu wanakuuliza unatoka wapi kabla hawajakuuliza jina. Tatu, alijifunza haraka kunyamaza ndani ya matatu, kwa sababu akifungua mdomo, nauli inapanda.

Tukae hapo kwa mdomo kidogo. Yeye husema "bintu", husema "mutoto", na sisi tunacheka. Sisi! Sisi wa "vitu zangu" na "ile siku tulikuwanga pale". Nairobi ndio mji wa mwisho Afrika Mashariki wenye haki ya kumsahihishia mtu Kiswahili.

Na msiniambie ni utani tu. Desemba 2012 serikali iliamuru wakimbizi walio mijini wahamishiwe kambi za Dadaab na Kakuma. Mahakama Kuu ikaifuta amri hiyo Julai 2013. Aprili 2014 ikaja operesheni ya Usalama Watch: maelfu wakakamatwa, wengi wao Wasomali, wakiwemo Wakenya, na uwanja wa Kasarani ukageuzwa mahali pa kuwazuilia. Mambo kama hayo hayaanzi na polisi. Tunaanza kwa kucheka lafudhi, kisha tunazoea kumwona mtu akishushwa kwa gari, na hakuna anayeuliza kwa nini.

Najua jibu lenu: kazi ni chache na wageni wanaharibu bei. Kazi ni chache kweli. Mimi niliacha chuo karo ikinishinda, na sasa ninaishi kwa makala ambazo hulipwa mwenye pesa akijisikia. Lakini aliyeninyima karo si msusi wa Bukavu. Na bei hushuka kwa sababu mtu asiye na karatasi hawezi kukataa bei mbaya. Mpe karatasi uone kama hatadai pesa sawa na zako.

Itifaki ya soko la pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayoahidi wafanyakazi kuvuka mipaka, ilianza kutumika 2010. Kongo ikaingia Jumuiya 2022. Viongozi wakikutana, sisi ni ndugu. Steji ya matatu, ni "wewe, kipande kiko wapi?"

Dada zetu wakinyang'anywa pasipoti Saudi Arabia tunapiga kelele, na ni haki yetu. Ila kelele hiyo inakosa nguvu ikitoka kwa watu wanaomgeuza mgeni wao mtaji.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuja na jembe lake, na saa hii liko kichwani mwako. Uko kwa kiti, una saa nne, huendi popote. Muulize jina kwanza. Halafu mlipe bei mliyoelewana.