Kivuko Kimehamia Mjini

Kwa miaka mingi msafiri atokaye Mwanza kwenda Sengerema, Geita au Bukoba alijua kwamba safari yake ingekatika Kigongo. Hapo alisubiri kivuko, pengine nusu saa, pengine saa mbili, kwa kadiri ya foleni ya malori na afya ya mitambo, kisha akavushwa hadi Busisi. Tangu tarehe 19 Juni 2025 subira hiyo imekwisha. Siku hiyo lilifunguliwa daraja la kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, lijulikanalo kwa jina la Daraja la J. P. Magufuli, na gari lendalo kilomita 50 kwa saa hulimaliza katika muda usiotimia dakika nne. Ni kazi kubwa ya uhandisi, na sifa zake zimekwisha kuimbwa.

Lisilosemwa sana ni lile litokealo gari liliachapo daraja. Kivuko kilikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyekipa: kilikuwa breki ya mji wa Sengerema. Magari yalishuka Busisi kwa mafungu, na ingawa mafungu hayo yalitawanyika kidogo njiani, kati ya moja na jingine barabara ilipumua. Katika pumzi hiyo mama mwenye beseni la dagaa kichwani alivuka, mtoto wa shule alivuka, na mwenye baiskeli iliyosheheni madumu ya maji aliisukuma hadi ng'ambo bila haraka. Sasa hakuna kitu kinachoyazuia magari kuja mfululizo, mchana na usiku. Msafiri hahitaji tena kivuko ziwani. Anayekihitaji ni mkazi wa mjini, tena cha namna nyingine.

Barabara ipitayo katikati ya Sengerema ni barabara mbili zilizolazwa mahali pamoja. Moja ni barabara kuu, yenye wajibu wa kufikisha shehena Geita, Kagera na mpakani. Ya pili ni mtaa wa mji: mama lishe wapo, bajaji zipo, mafundi baiskeli wapo, na watu huenda sokoni, kanisani, msikitini, shuleni na hospitali. Barabara ya kwanza hutaka mwendo. Ya pili hutaka kusimama, kugeuka, kusalimiana na kuvuka. Kila litokeapo janga husemwa kwamba dereva alikuwa mzembe au mwenda kwa miguu hakutazama, na mara nyingine ndivyo ilivyokuwa. Lakini mahali ambapo barabara mbili zenye matakwa yanayopingana zimechorewa lami moja, uzembe mdogo wa kibinadamu, ambao kwingine ungeishia kwa kufokeana, huishia kwa msiba. Kosa la kwanza limo katika mchoro.

Ukubwa wa kosa hilo unaweza kupimwa kwa hesabu isiyomshinda mwanafunzi wa kidato cha tatu. Na achukuliwe dereva mwangalifu, gari zima na lami kavu. Mtoto anaingia barabarani mita 20 mbele yake. Tangu jicho lione hadi mguu ukanyage breki hupita kama sekunde moja na nusu. Ndivyo mwili wa binadamu ulivyo, na hakuna leseni iwezayo kuubadili. Gari lendalo kilomita 50 kwa saa hupita mita 13.9 katika kila sekunde. Kwa hiyo kabla breki haijaguswa limekwisha kwenda karibu mita 21, na mtoto yule amegongwa kwa mwendo ule ule wa kilomita 50. Gari lendalo kilomita 30 kwa saa hupita mita 8.3 kwa sekunde, na katika sekunde ile moja na nusu huenda mita 12.5. Breki zikiupunguza mwendo kwa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde, litahitaji mita 7 hivi nyingine. Litasimama likiwa limebakiza kama nusu mita. Dereva ni yule yule na mtoto ni yule yule. Kilichobadilika ni mwendo peke yake.

Sababu ya tofauti kubwa namna hiyo ni kwamba nishati ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo wenyewe. Gari la kilomita 50 kwa saa halibebi nishati mara moja na theluthi mbili ya lile la kilomita 30. Hubeba karibu mara tatu. Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho na atumie kanuni ya vitu viangukavyo: kugongwa kwa kilomita 30 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka mita tatu na nusu, yaani juu ya paa la nyumba ya kawaida, na kugongwa kwa kilomita 50 ni sawa na kuanguka kutoka karibu mita 10, yaani kutoka ghorofa ya tatu.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Hata dereva atiiye sheria, basi, hawezi kumwokoa mtoto wa hesabu ile. Ndiyo maana mkutano wa mawaziri kuhusu usalama barabarani uliofanyika Stockholm, Februari 2020, ulitaka kikomo kiwe kilomita 30 mahali ambapo watu na magari huchanganyika mara kwa mara. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka ulimwenguni, na kwamba kwa walio na umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna sababu nyingine ya kifo iliyo kubwa kuliko hiyo. Huo ndio umri wa mwanafunzi, na wa walimu wengi pia.

Mwenye lori atauliza: je, daraja limejengwa kwa mabilioni ili muda uliookolewa ziwani upotezwe mjini? Swali hili ni la haki na lastahili jibu la tarakimu. Ikichukuliwa kwamba sehemu ya mji yenye msongamano ni kilomita 2, gari lendalo kilomita 50 kwa saa huipita kwa dakika 2 na sekunde 24, na lendalo kilomita 30 huipita kwa dakika 4. Tofauti ni dakika moja na sekunde 36. Kati ya muda wote ambao daraja limempa mwenye lori, mji unamwomba huo.

Wengine husema nafasi haipo. Nafasi ipo, nayo imeandikwa katika sheria. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati, yaani mita 60 kwa jumla, wakati njia mbili za lami hazihitaji zaidi ya mita 7 hivi bila mabega yake. Wakazi wengi nchini waliijua hifadhi hiyo kwa uchungu, kwa alama za X zilizopakwa kwenye kuta za nyumba zao. Ardhi iliyopatikana kwa gharama ya namna hiyo haipasi kukaa vumbi tu kwa kusubiri upanuzi ujao. Njia ya waenda kwa miguu na njia ya baiskeli zaweza kujengwa humo leo kwa gharama ndogo, na siku ya upanuzi zikasogezwa.

Njia hizo zina vipimo vyake. Watu wawili wenye mizigo kichwani hawapishani vizuri katika upana usiofika mita 2. Baiskeli ya Usukumani aghalabu ni gari la mizigo: hubeba mkaa, maji, magunia, abiria, hata kitanda, nayo yahitaji mita 2 zake, mbali na lori. Leo mpanda baiskeli hupewa bega la barabara, na bega hilo hilo ndipo bajaji huegesha, daladala hushusha abiria na lori bovu hulazwa. Kila akutanapo na kizuizi humlazimu kuingia katika lami ya magari pasipo kuona nyuma. Kumlaumu kwa kuyumba ni kumwonea.

Mtaro nao una hatia yake. Katika miji mingi ya Tanzania mtaro wa maji ya mvua huachwa wazi kando ya barabara, mpana na wenye kina, na mwenda kwa miguu akiogopa kutumbukia hutembea juu ya lami. Mtaro huo huo ukifunikwa kwa mabamba ya zege huwa njia ya miguu iliyokwisha kutengenezwa, na takataka zitaingia kwa uchache. Kisha na ipandwe miti. Sengerema haifiki nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, na njia isiyo na kivuli haina mtu saa saba mchana, hata ikiwa imesakafiwa vizuri namna gani; watu wataiacha na kufuata vivuli vya vibanda. Wahandisi wengi huona miti kuwa pambo. Kwa mwenda kwa miguu ni sehemu ya barabara kama ilivyo lami kwa gari.

Kuhusu usafiri wa abiria neno moja latosha. Kituo cha daladala kiwekwe mbele ya kivuko cha waenda kwa miguu, yaani gari likipite kivuko ndipo lisimame, ili abiria anayeshuka avukie nyuma yake. Avukaye mbele ya gari lililosimama hutokea ghafla machoni pa dereva anayelipita. Kosa hili hutendwa nchini kila siku, na kulisahihisha hakugharimu zaidi ya rangi na kibao.

Matuta ndiyo dawa inayotolewa kwa kawaida, nayo husaidia. Lakini tuta tupu humzuia dereva bila kumsaidia mvukaji, maana halimwonyeshi pa kupita. Na mgonjwa aliye katika gari la hospitali hulilipia. Lililo bora ni tuta pana lenye mgongo bapa ambalo lenyewe ndilo kivuko, likiwa na michirizi ya pundamilia juu yake na kisiwa kidogo katikati ili mzee avuke nusu barabara, apumzike, kisha amalize. Njia za magari zikipunguzwa upana hapo, dereva hupunguza mwendo bila ya kuambiwa, kwa kuwa barabara pana yenyewe humwita akanyage mafuta.

Haya si mageni nchini. Katika miaka ya 1990 vivuko vilivyoinuliwa na njia za miguu za gharama ndogo vilijaribiwa Morogoro na Temeke, sambamba na Eldoret na Nairobi nchini Kenya. Baadaye shirika la Amend lilizishughulikia njia za kuzunguka shule za msingi za Dar es Salaam kwa vitu hivi hivi vya kawaida: matuta, vivuko, njia za miguu, na malango ya shule yaliyohamishwa kutoka upande wa barabara kubwa. Utafiti uliofanywa katika shule 18 ulionyesha kwamba majeraha ya barabarani kwa wanafunzi yalipungua kwa asilimia 26. Na Mabasi Yaendayo Haraka yalipoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilipata pia njia za miguu na za baiskeli, ingawa ikumbukwe kwamba njia ya baiskeli isiyo na vizuizi hugeuka upesi njia ya bodaboda.

Hata Uholanzi, ambayo leo husifiwa kwa baiskeli zake, mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa imekwisha kuyaachia magari mitaa yake, na watoto zaidi ya 400 walikufa barabarani katika mwaka 1971 peke yake. Wazazi waliandamana. Mitaa ikachorwa upya.

Kizuizi kikubwa Sengerema ni kwamba mwenda kwa miguu hana mwenyewe. Barabara kuu iko mikononi mwa TANROADS. Mitaa inayoingia humo ni ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Soko na stendi ni vya halmashauri, na mwendo wa magari ni kazi ya polisi. Mtu atokaye nyumbani kwenda sokoni hupita katika himaya zote nne ndani ya robo saa, na kila moja yaweza kusema kwa ukweli kwamba shida yake iko kwa jirani. Tena hesabu ya kwanza ya msanifu barabara ni ya magari yapitayo kwa siku. Asiyehesabiwa hachorewi.

Hapa shule za sekondari zina kazi ambayo haihitaji maabara. Siku ya soko, wanafunzi wakiongozwa na mwalimu na wakiwa wamekaa mbali na lami, na wahesabu kwa saa moja asubuhi na saa moja jioni, katika safu nne: waenda kwa miguu, baiskeli na mikokoteni, bodaboda pamoja na bajaji na daladala, kisha magari mengine. Waandike pia ni wangapi walivuka, na wapi hasa. Kwa mwendo na wapime mita 50 kati ya nguzo mbili na kushika saa: gari lipitalo hapo kwa muda usiofika sekunde 3.6 limevunja sheria ya 1973, na lipitalo kwa sekunde 6 ndilo lendalo kilomita 30 kwa saa. Karatasi hiyo ipelekwe kwa mkurugenzi wa halmashauri, na nakala zake kwa TANROADS na TARURA, mapema kabla makadirio ya mwaka wa fedha unaoanza Julai hayajafungwa.