Eti Nina Afya

Kwenye arobaini ya babu yetu mdogo, shangazi alinishika mkono juu ya kiwiko, akaubonyeza kama anayechagua parachichi gengeni, kisha akalitangazia jamvi zima: "Jamani, mtoto wa kaka siku hizi ana afya!" Watu wakaitikia mashallah. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimepima presha, mashine ikasoma 170 kwa 110. Usingizi ulikuwa wa saa tatu, nne nikijitahidi, saa zilizobaki nikihesabu marejesho ya mkopo. Ngazi za ghorofa mbili zilinihemesha. Ila mashavu nilikuwa nayo.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu. Kwetu "ana afya" maana yake kanenepa, na "kaisha" maana yake kapungua. Afya yako anaipima jirani, kwa macho, tena akiwa amekaa barazani kwake.

Najua ilikotoka imani hii. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipogundulika Kagera mwaka 1983, na ng'ambo ya mpaka Waganda wakiuita ugonjwa huo Slim, kukonda kulikuwa hukumu. Ukirudisha mkanda tundu mbili, mtaa umeshakuzika. Waliozika ndugu miaka ile siwalaumu kwa kupenda mashavu. Nawalaumu, nasi tuliowarithi, kwa kushikilia kipimo kilekile leo, wakati dawa za kufubaza virusi zimewarudishia watu miili yao, na presha, sukari na kiharusi vinaingia bila kupiga hodi. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajui kama wanayo. Na aliyenona vizuri ndiye wa mwisho kuambiwa akapime.

Basi tukapime, utasema, yaishe. Hayaishi. Mkanda wa presha nao unaishia kwenye mkono. Katiba ya shirika hilohilo, iliyoanza kutumika tarehe 7 Aprili 1948, inataka afya iwe ukamilifu wa mwili, akili na maisha ya mtu na wenzake, si kukosa maradhi tu. Ukamilifu! Kwa sharti hilo hakuna mzima hata mmoja, toka Kariakoo hadi Geneva. Lakini upande walioonyesha walioiandika ndio wenyewe, na watu wa mtaani waliujua bila katiba: mikopo ya riba ya kunyonga wameibatiza kausha damu. Mama lishe anayefuatwa na mdai kila jioni anajua deni linakaa wapi mwilini. Linakaa kisogoni, linashuka mgongoni, usiku linahamia kifuani. Naye kwa kuwa mikono imejaa, tunampongeza.

Kuna sentensi moja ya msibani ambayo siku hizi siivumilii. Kijana kajitoa uhai, nasi tunaulizana huku tumeshika tama: "Mbona juzi tu nilimwona, alikuwa mzima kabisa?" Alikuwa anakula, hakohoi, hachechemei. Kwamba alikuwa ameacha kwenda kijiweni, kwamba simu alikuwa hapokei, hayo hatukuyahesabu kuwa ni kuumwa.

Zamani hatukuwa hivi, angalau redioni. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza, kisha wakashika majembe: wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakafukia madimbwi ya mbu. Hakuna aliyebonyezwa mkono. Afya ilikuwa kwenye choo cha jirani yako pia, maana nzi hajui mpaka wa kiwanja.

Mimi nilianza kutembea kwa miguu asubuhi, nikamalizana na mkopo, chumvi nikaiacha mezani. Kilo nane zikaondoka. Usingizi ukarudi kabla hata presha haijashuka, na sidhani kama ni miguu iliyouleta; nadhani ni ule mkopo.

Mwaka huu tukakutana tena, kwenye harusi. Shangazi alinitazama toka kichwani hadi viatuni, akanivuta nyuma ya turubai, akashusha sauti. "Mwanangu, una nini? Niambie mimi, sisi ni damu moja."

"Sina kitu, shangazi. Jana presha imesoma 124 kwa 80."

Akaguna. Akaenda jikoni, akarudi na sahani ya pilau iliyofurika, nyama juu, akasimama palepale kuhakikisha naimaliza.