Tupeni Walezi: Barua ya Wazi kuhusu Watafiti Vijana wa Afya wa Kasongo na Kabambare

Kwa: Mheshimiwa Waziri wa Elimu ya Juu na Vyuo Vikuu, Utafiti wa Kisayansi na Uvumbuzi, Kinshasa

Nakala: Mheshimiwa Waziri wa Afya ya Umma, Kinshasa, Mheshimiwa Gavana wa Mkoa wa Maniema, Kindu

Yahusu: Malezi ya utafiti kwa walimu vijana wa sayansi za afya, kusini mwa Maniema

Mheshimiwa Waziri,

Nafundisha afya ya jamii huku kusini mwa Maniema, na nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo hili ni la wengi: walimu wenzangu, wanafunzi wao, wauguzi wa vituo vya afya, na wagonjwa wanaotutegemea sote. Ombi langu nalitaja mapema lisije likapotea katika maelezo. Kila asistanti wa sayansi za afya anayefundisha mbali na miji mikubwa apewe mlezi wa utafiti anayejulikana kwa jina. Mlezi huyo atengewe saa za kazi hiyo, na saa hizo zihesabiwe na kulipwa sawa na saa za darasani.

Ngazi ya kupanda unaijua kuliko mimi. Asistanti huanza na mandati ya miaka miwili, ikaongezwa. Akitaka kuwa shefu wa kazi anadaiwa machapisho, na akitaka uprofesa anadaiwa tasnifu ya udaktari. Madai hayo ni ya haki, maana mwalimu asiyetafiti huishia kusoma darasani madaftari aliyoandikishwa na mwalimu wake. Lakini katika ngazi yote hiyo hakuna mahali palipoandikwa ni nani atamfundisha kutunga swali, kuchagua njia ya kulijibu, kusafisha takwimu, kuandika makala na kupokea ukali wa wahakiki bila kukata tamaa. Kijana anamaliza masomo, anaajiriwa, na mwaka unaofuata anakabidhiwa wanafunzi ili asimamie memuari zao za kuhitimu. Hajawahi kulelewa, naye tayari ni mlezi. Wazee wamesema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na sisi tunaona memuari zinazofanana mwaka hadi mwaka: kichwa kile kile, dodoso lile lile, kituo cha afya tu ndicho kimebadilishwa jina.

Niruhusu nikuonyeshe malezi ni kitu gani kwa vitendo. Siku moja ya masika niliketi na asistanti kijana katika kituo cha afya upande wa barabara ya Kabambare. Swali lake lilikuwa zuri: kwa nini watoto wengi wanaoanza chanjo hawamalizi? Alikuwa amenakili rejista kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa, akajumlisha, akapata idadi kubwa ya watoto waliopotea njiani. Jedwali lilipendeza na alikuwa tayari kuandika hitimisho kwamba akina mama hawana elimu. Nikamwomba tufungue tena rejista yenyewe. Ilikuwa daftari la shule lililopigwa mistari kwa rula, kwa sababu rejista rasmi zilikuwa zimekwisha. Tulipopita majina polepole tukaanza kuona mtoto yule yule mara mbili: jina la baba limetangulia mahali pamoja na kufuata mahali pengine, kijiji ni kile kile, umri umepishana kwa mwezi. Nikamwambia, "Kamuulize mama muuguzi." Mama muuguzi akajibu bila kusita: "Mwalimu, mama akipoteza kadi, mimi namwandika mtoto upya. Ningefanyaje?"

Sehemu kubwa ya wale watoto waliopotea ilikuwa kadi zilizopotea. Jedwali likabadilika, na hitimisho likabadilika nalo. Lawama kwa akina mama ikaondoka, likaja swali la rejista, kadi na namna ya kumtambua mtoto anaporudi, swali ambalo zoni ya afya inaweza kulifanyia kazi bila kungoja msaada wa mbali. Jambo hilo lilichukua alasiri moja. Halikuhitaji kompyuta wala hoteli ya semina. Lilihitaji mtu mwingine aketi kando yake na kuuliza. Wasomi wetu vijana wengi hawapati alasiri hiyo hata mara moja kabla ya kuandika makala yao ya kwanza.

Mheshimiwa Waziri, nisingethubutu kuomba haya kwa niaba ya mji mdogo kama mji wenyewe usingekuwa na ushahidi. Kuanzia mwaka 1971, Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp nchini Ubelgiji iliendesha hapa Mradi wa Kasongo pamoja na madaktari na wauguzi wa Zaire. Walijenga mtandao wa vituo vya afya vilivyo karibu na wananchi, kila kituo kikiwajua watu wake na kushirikiana na hospitali moja ya rufaa. Waliyojifunza hapa yaliingia katika fikra zilizozaa mfumo wa zoni za afya ambao nchi yetu nzima inautumia hadi leo. Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 ulipotangaza huduma ya msingi ya afya, Kasongo ilikuwa tayari imeifanyia kazi kwa miaka kadhaa.

La kutazama kwa makini zaidi ni namna walivyotafiti. Maswali yao yalitoka katika kazi ya kila siku. Mwaka 1981 jarida la The Lancet lilichapisha uchunguzi wao juu ya chanjo ya surua: je, mtoto aliyeokolewa na surua anaishi kweli, au kifo kinamfuata kwa mlango mwingine? Matokeo yao yalizua mjadala wa kimataifa uliodumu miaka mingi, na takwimu zilizobishaniwa na wataalamu wa Ulaya zilikuwa za watoto wa Kasongo. Walichunguza ni dalili gani nyepesi ambazo muuguzi msaidizi anaweza kuzitumia kumtambua mapema mama mjamzito atakayepata shida ya kujifungua. Walichunguza jinsi kuwapo kwa vituo vya afya kunavyobadilisha wagonjwa wanaofika kulazwa hospitalini. Na makala kadhaa waliziwekea sahihi moja tu, Timu ya Mradi wa Kasongo, bila kumtanguliza daktari mkuu mbele ya wenzake. Ndani ya timu ya namna hiyo kijana alijifunza huku akifanya kazi, na mlezi wake alikaa meza ya pili. Dk. K. A. Pangu, Mkongo aliyefanya kazi katika mradi huo, aliandika tasnifu yake ya udaktari mjini Brussels mwaka 1988 juu ya vituo vya afya vya Kasongo. Udaktari ulipatikana kutokana na kazi ya zoni ya kijijini.

Mnyororo huo ulikatika. Mwaka 1990 ushirikiano wa Ubelgiji na Zaire ulivunjika, kisha vikaja vita vya 1996 na 1998, na kusini mwa Maniema pakawa mahali pa kukimbiwa. Majengo mengine yalibaki, na mfumo wa zoni ulibaki. Kilichopotea ni ile desturi ya mkubwa kumshika mdogo mkono katika utafiti, na haikurudi yenyewe amani ilipojaribu kurudi.

Tazama mji mwingine mdogo wa wasemaji wa Kiswahili. Ifakara, katika bonde la Kilombero nchini Tanzania, ilianza kama maabara ndogo ya Waswisi iliyoanzishwa na Rudolf Geigy katika miaka ya 1950. Nayo ilianzishwa na wageni, nayo ilikuwa mbali na mji mkuu. Lakini Watanzania walilelewa ndani yake mpaka wakaishika wenyewe, Dk. Andrew Kitua akawa Mtanzania wa kwanza kuiongoza, na leo Taasisi ya Afya ya Ifakara inaheshimiwa duniani kwa utafiti wa malaria. Tazama pia CARTA, muungano wa vyuo vikuu na vituo vya utafiti vya Afrika ulioanza mwaka 2008 chini ya uongozi wa kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Walimu vijana wanaosomea udaktari katika vyuo vyao wenyewe hukutanishwa katika semina nne ndefu, tangu kupanga swali hadi maisha ya baada ya tasnifu, na wasimamizi wao nao hufunzwa kusimamia. Hawa wamekubali kwamba kulea ni ujuzi, na ujuzi hufundishwa.

Huku kwetu maswali yamejaa. Mpox imeripotiwa Maniema kwa miaka mingi, muda mrefu kabla ya Shirika la Afya Duniani kuitangaza dharura ya kimataifa mnamo Agosti 2024. Mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa yenye malale. Kabambare ina watu waliolazimika kuhama kwa sababu ya makundi yenye silaha, na ina machimbo ya dhahabu ya Salamabila, ambako afya ya wachimbaji na familia zao inastahili kuchunguzwa na mtu anayeishi nao. Ugonjwa ukivuma, timu hutoka mbali, huchukua sampuli na takwimu, huondoka, na kijana wa hapa aliyezunguka nao kama mkalimani husahauliwa jina. Makala ikichapishwa hatuioni, na mama muuguzi aliyejaza rejista haambiwi ilisema nini.

Kwa hiyo naomba mambo matano.

La kwanza ni hilo la walezi. Kila asistanti awe na wawili: mmoja wa chuo kikuu mwenye uzoefu wa kuchapisha, awe Kinshasa, Lubumbashi, Bukavu au kwingineko, na mwingine wa papo hapo, daktari mkuu wa zoni au muuguzi msimamizi anayejua takwimu zinavyozaliwa. Watatu hao waandikiane mapatano mafupi: watakutana lini, kila mmoja anadaiwa nini, na nani ataweka jina lake katika makala.

La pili, wizara yako na ile ya Afya zisaini maelewano yanayozifanya zoni za Kasongo, Kunda, Samba, Lusangi, Kabambare na Salamabila kuwa mahali pa mafunzo ya utafiti. Kila mwaka zoni itoe maswali yake yanayoiumiza kichwa, na asistanti achague humo badala ya kunakili vichwa vya zamani.

La tatu, utafiti wowote unaokuja Maniema kutoka nje upewe kibali kwa sharti kwamba utamfunza angalau mtafiti mmoja wa hapa katika kazi yenyewe, tangu mpango hadi uandishi, na utarudisha matokeo kwa Kiswahili katika vituo ulikopita.

La nne, ombi la kibali cha maadili lipokelewe kwa njia ya simu au barua pepe na lijibiwe ndani ya muda uliotangazwa. Asistanti wa Kabambare asilazimike kusafiri hadi Kinshasa kufuatilia karatasi wakati mandati yake inakwisha.

La tano, maktaba ya Kasongo ipate nakala kamili za machapisho ya Mradi wa Kasongo. Vijana wetu wanastahili kusoma yaliyofanywa katika vijiji vyao na watu waliotembea njia hizo hizo.

Najua utaambiwa kwamba maprofesa ni wachache na wamechoka. Ni kweli, na ndiyo sababu saa za kulea zitambuliwe rasmi. Leo profesa anayemjibu kijana wa Kasongo usiku kwa simu anafanya hivyo kwa hisani, na hisani haiwezi kubeba kizazi kizima. Profesa mmoja anaweza kulea kikundi cha vijana wanne au watano wanaohakikiana wenyewe kwa wenyewe, akaonana nao uso kwa uso mara mbili kwa mwaka na siku nyingine kwa simu. Maprofesa wastaafu na Wakongo wanaofundisha ughaibuni wanaweza kuombwa pia. Wengi hawajawahi kuulizwa.

Utaambiwa pia kwamba Kabambare si salama. Kwa sababu hiyo hasa wafunzwe wanaoishi Kabambare. Mtafiti wa mbali akizuiwa na barabara au na bunduki, muuguzi na asistanti wa pale bado wapo kazini, na bila wao nchi haitajua watu wanaugua nini.

Kwa upande wetu hatuji mikono mitupu. Walimu wa hapa tuko tayari kukutana kila mwezi kusoma na kuhakiki kazi za vijana, kufungua rejista pamoja na wauguzi, na kupeleka matokeo kwenye vikao vya zoni kabla ya kuyapeleka kwenye majarida. Mheshimiwa Waziri, naomba waraka wa walezi utoke kabla ya mwaka ujao wa masomo kufunguliwa, na uanze na vyuo vya Kasongo na Kabambare. Tupimwe baada ya miaka miwili, urefu wa mandati moja: ni asistanti wangapi wana mlezi, ni maswali mangapi ya zoni yamejibiwa, na ni nini kimebadilika katika vituo vya afya kwa sababu ya majibu hayo. Tukishindwa, tulaumiwe kwa majina yetu.

Kwa heshima na matumaini,

Mwalimu wa afya ya jamii
Kasongo, Maniema